Shangazi Akaukalia Mlango

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia mandazi, wacha nikuhurumie nikukumbushe.

Mimi ni Mikail, muuza spea za bodaboda karibu na soko la Kalundu, hapa mjini Kitui. Nataka kumuoa Fahima wa Mwingi. Mama yake Fahima alifariki zamani, akalelewa na shangazi yake, Bi Zulekha. Huyo Bi Zulekha hana shida na dini yangu, kazi yangu wala meno yangu. Ana shida na kabati tu.

"Mtoto wangu haingii chumba kisicho na kabati la kufungwa kwa ufunguo," alisema siku ya posa, mbele ya wazee. "Kitanda mtajuana wenyewe. Mimi nataka kuona kabati."

Nikamwambia kuna fundi wa Matinyani ananitengenezea kabati la mninga. Fundi huyo hayupo. Mninga wenyewe sijawahi kuushika. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeagiza kwa simu kabati la kujiungia mwenyewe, lile linalokuja limelala ndani ya boksi vipande vipande, na karatasi yenye picha za mtu asiye na uso anayefurahia kazi.

Boksi likaja juu ya basi. Likanyeshewa njiani. Likashushwa, likakaa juani nje ya ofisi ya mizigo mpaka mtu akakumbuka kunipigia. Tulipolifungua, kila kipande kilikuwa sawa isipokuwa mlango mmoja, wa kulia, na bila shaka ndio wenye kitasa. Ulikuwa umebinuka katikati. Ukiulaza sakafuni, paka anapita chini yake bila kuinama.

Hapo ndipo tuliachana. Sasa sikia.

*

Jirani yangu Gedion anachomelea mageti. Mbao si kazi yake, lakini hilo halijawahi kumfunga mdomo. Aliuinua ule mlango, akafumba jicho moja, akauangalia kama mtu anayelenga ndege.

"Hii mbao imegawanyika roho," akasema. "Hii upande ya ndani imekauka sana, ikajivuta. Hii ya nje ilikunywa maji ikanenepa. Sasa wewe nywesha ya ndani, alafu kalia ya nje."

"Niikalie?"

"Weka uzito, bwana. Na usitoe mpaka ikauke yote pole pole. Ukitoa mapema inarudi vile ilikuwa, tena na hasira."

"Umejulia wapi hayo?"

"Kwa simu. Si huko ndiko uliagiza kabati?"

Tukaliunga kabati chumbani, likasimama na mlango mmoja wa kushoto, upande wa kulia wazi. Gedion hakuziamini zile skurubu ndogo zilizokuja kwenye boksi, akalikaza ukutani na skurubu zake za mageti. Akalitikisa. Halikutikisika.

"Hii hata mwizi ataiacha," akasema. Kumbuka hiyo ya ukutani, tutairudia na machozi.

Nyumba yetu ina sakafu moja tu iliyonyooka, ya sebuleni. Uwanja wa nje unateremka kuelekea barabarani. Tukatandika gunia lililoloweshwa, tukaulaza mlango na upande wa bonde chini, mgongo juu. Juu yake tukapanga magunia ya ndengu za Nyanya Tumu kutoka shamba la Matinyani. Nyanya ndiye aliyenilea na ndiye mwenye nyumba, na hakuna siku anakuacha usahau.

"Leo ndengu zangu zina kazi kuliko wewe," akasema.

Mlango ukalala chini. Nami nikalala vizuri.

Kesho yake nilirudi mchana kutoka dukani, nikakuta gunia lile lowevu, nikakuta mlango, umerudi kubinuka karibu kama mwanzo. Ndengu hakuna.

"Nyanya, ndengu ziko wapi?"

"Nimeuza. Amepita mtu na pikapu."

"Nyanya, ule ulikuwa uzito."

"Ni ndengu, Mikail. Uzito ni kazi ulizipa wewe. Zilimwa ziuzwe."

Nikatoka nje kuvuta pumzi. Gedion akasema ana mawe ya kujengea nyuma ya kibanda chake, tukaanza kuyabeba. Jiwe la kwanza liko barazani, la pili nimelikumbatia tumboni, simu ikalia. Fahima.

"Mikail, uko nyumbani?"

"Niko."

"Shangazi ameondoka."

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Kwenu."

Jiwe likaniponyoka. Wanawake wa upande wa bibi harusi huja kukagua chumba siku ya Ijumaa, hiyo inajulikana. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Si alisema Ijumaa?"

"Alisema Ijumaa ili mjue ni Ijumaa," Fahima akasema. "Ameniambia mtu akijua siku ya mgeni huficha vyombo vilivyovunjika. Yuko na wake wa ami zangu wawili. Mikail, kabati liko sawa, sivyo?"

"Liko sawa kabisa," nikasema.

Unaona? Hata yeye nilimdanganya. Nilikuwa nimeshika kasi.

*

Nilimkuta Nyanya amesimama sebuleni, anauangalia ule mlango. Hakuwa anahangaika. Nyanya Tumu akitulia hivyo, mtu wa karibu yake anafaa kuondoka.

"Tuufiche chini ya kitanda," nikasema.

"Utalala chini ya kitanda umepinda, na utatoka umepinda." Akaugusa kwa kidole cha mguu. "Wanakuja watatu?"

"Watatu."

"Zulekha nilimwona siku ya posa. Wale wengine wako vipi? Wana mwili?"

"Nyanya."

"Nauliza tu. Lete mkeka mkubwa. Na ile mito."

Nilimwangalia. Akaniangalia. Nikaenda kuleta mkeka.

Kwetu mgeni wa heshima hakalishwi kwenye kiti kama mtu anayengoja daktari. Anatandikiwa mkeka, anawekewa mto mgongoni, anaegemea ukuta, anakula. Na mama mtu mzima akishakaa, hakuna wa kumwambia inuka. Atainuka akitaka mwenyewe. Nyanya alikuwa amelifikiria hilo lote wakati mimi nafikiria chini ya kitanda.

Tukaulowesha mlango tena upande wa chini, tukarudisha gunia, tukausogeza karibu na ukuta. Mkeka juu. Nyanya akachagua mahali pa kila mto kwa makini sana.

Wakaja. Sijawahi kufurahi hivyo kuona watu wenye afya.

Bi Zulekha alikuwa wa kwanza kukaa. Mlango ukalia kidogo, nikakohoa. Akapapasa alipokaa.

"Mbona hapa pameinuka?"

"Ni kigodoro, miguu isiumie," Nyanya akasema.

"Kigodoro kigumu hivi?"

"Cha daktari."

Wale wake wa ami wakasikia ni cha daktari, wakakaa nao haraka wasikose. Nikasikia mlango unashuka. Naapa nilisikia. Nikasema, "Shangazi, sogea katikati kidogo upate upepo wa dirisha," naye akasogea, na sauti ikaisha kabisa.

Tukala pilau. Tukala tena. Kila mmoja akisema ameshiba, Nyanya anamuongeza nyama, anamwambia safari ya kurudi Mwingi ni ndefu. Mimi nilikuwa natoka jikoni na kurudi nikiwa na sahani na hesabu moja tu kichwani, kwamba kila kijiko ni cha faida.

"Hebu tuone hilo kabati," Bi Zulekha akasema.

"Chai kwanza."

Chai ikanywewa.

"Sasa kabati."

"Kuna ndizi za Kilungu," Nyanya akasema. "Hizi huwezi kuzikataa."

Hakuzikataa. Lakini akanikazia macho mimi, si Nyanya.

"Mikail, unajua kwa nini nakusumbua na kabati?"

"Hapana, Shangazi."

Akamenya ndizi polepole.

"Mimi nilipoolewa mara ya kwanza, chumba changu kilikuwa na kabati la pazia. Kitambaa tu, kimefungwa na kamba. Mawifi walikuwa wanaingia mchana wanachagua. Kesho yake namwona mtu na kitambaa changu cha kichwa. Nikisema, naitwa mchoyo. Kuna leso mama yangu alinipa, ya harusi yangu. Nilikuja kuiona kwa harusi ya mtu mwingine, imevaliwa na mtu mwingine, na akaja akanisalimia nayo. Nikamwitikia." Akaweka ganda la ndizi kwenye sahani. "Nilikuwa msichana mdogo, niko ugenini, mama yangu yuko mbali. Fahima hata huyo wa mbali hana. Sitaki awe na mume tajiri. Nataka awe na mlango mmoja ambao ni wake."

Mimi nimesimama na birika la chai, na mlango anaouongelea yuko juu yake. Nilijisikia mdogo mpaka birika likawa zito.

Hapo adhana ya Alasiri ikasikika.

*

Wale wake wa ami waliinuka kwenda kutawadha. Bi Zulekha hakuinuka. Akasema tangulieni, nakuja.

Nikaenda jikoni kungoja. Punde Nyanya akaingia, akafunga mlango wa jikoni, akaniegemea sikioni.

"Imepenya."

"Nini imepenya?"

"Maji. Ule mlango una nyufa huko katikati. Yametoka kwa gunia yakapita, yakapita mkeka, yakafika kwa Zulekha. Dera limeloa lote nyuma."

"Amejua ni mlango?"

Nyanya akanishika mkono. "Anadhani amejikojolea."

"Ameniita karibu ameniomba kitambaa," Nyanya akaendelea. "Ameniambia sukari imeanza kumla, ameniomba nisimwambie mtu. Sasa sikiliza. Nitampa dera langu. Wale wengine tutawaambia amechoka. Ataondoka haraka haraka, hataki kuona kabati wala dirisha. Ijumaa atakuja na aibu zake, mlango utakuwa umekauka umenyooka. Mungu ametufungulia."

Nataka niandike hapa kile nilichokisikia, nisijipake mafuta. Nilifurahi. Nilisimama pale jikoni, nikafurahi kwamba mama wa watu anadhani mwili wake umemsaliti kwenye nyumba ya wakwe, kwa sababu aibu yake ilikuwa imenipa siku mbili.

Nikachungulia sebuleni.

Bi Zulekha alikuwa amekaa pale pale, peke yake, ameshika ncha za mtandio wake na kuzikunja, anazikunjua, anazikunja. Yule mwanamke aliyenitetemesha mbele ya wazee. Alikuwa anaangalia mlango wa mbele, kama anapima ni hatua ngapi za kumfikisha nje bila mtu kumwona nyuma.

Furaha yangu ikaisha hapo.

"Usithubutu," Nyanya akasema nyuma yangu.

Nikathubutu. Nikaenda nikapiga magoti kwenye ukingo wa mkeka.

"Shangazi, hujafanya kitu."

"Ondoka hapa, Mikail. Niitie Tumu."

"Hayo maji ni yangu."

Akaniangalia kama mwendawazimu.

"Maji ni yangu, Shangazi. Nimeloweka ubao. Umekalia mlango wa kabati."

Huko nje nasikia wale wengine wanamwaga maji ya kutawadha.

"Mlango wa kabati," akasema.

"Ulikuwa umepinda. Tulikuwa tunaunyoosha. Ndengu zikauzwa. Ukaja wewe."

"Mninga umepinda?"

"Si mninga. Ni paini. Na hakuna fundi wa Matinyani. Kabati limetoka kwa boksi."

Kisha akainuka, taratibu, akijishikilia ukutani, na hakujificha nyuma tena. Akasema, "Toa mkeka."

Nikatoa.

Ndugu msomaji, mlango ulikuwa umenyooka. Hata unywele haungepita chini yake. Hata Nyanya, aliyekuwa amekuja na dera mkononi na uso wa kunilaani, alisogea kuangalia.

Bi Zulekha akauangalia mlango, akaniangalia mimi.

"Umenidanganya mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza kwa mdomo wako. Mara ya pili kwa makalio yangu."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimeolewa mara mbili, nimezika waume wawili, sijawahi kutumiwa kama jiwe." Akavuta pumzi. Mdomo wake ukacheza pembeni, sikujua ni hasira au ni kitu kingine. "Ungenyamaza ningeondoka leo nikimtafuta daktari. Unajua?"

"Najua."

"Kwa nini hukunyamaza?"

"Nilikuona unakunja mtandio," nikasema.

Akaliangalia dera la Nyanya, akalichukua. Akaenda kubadilisha, akatawadha, akaswali. Alipomaliza akasema neno moja.

"Ufungeni."

*

Gedion akaja na bisibisi. Tukaufuta mlango, tukautia bawaba, tukausimamisha mahali pake. Ukaingia. Bi Zulekha mwenyewe akausukuma, akazungusha ufunguo. Kitasa kikasema ti, sauti ndogo tamu. Gedion akanong'ona, "Nesa," yaani vizuri kwa Kikamba chake, akajipongeza.

Bi Zulekha hakupongeza mtu. Akafungua mkoba wake, akatoa kifurushi cha kitambaa cheupe, akakifungua magotini. Bangili mbili za dhahabu na leso moja ya zamani, rangi imefifia kwenye mikunjo.

"Hivi ni vya mama yake Fahima," akasema. "Vimekaa kwangu tangu amzike mama yake. Leo vinalala hapa."

Akaviweka ndani ya kabati, rafu ya katikati. Akafunga. Akachomoa ufunguo, akautia kwenye uzi, akauvaa shingoni chini ya nguo.

"Kesho nitakuja na Fahima mwenyewe. Mlango huu nitaufungua mimi, mbele yake. Nikiukuta umefungwa kama nilivyouacha, nitasahau ndengu, nitasahau mninga, nitasahau maji. Nikiukuta umeachia, basi hata nyumba hii haiwezi kumtunzia mtoto vitu vitatu vya mama yake. Sitasikia maelezo. Maelezo yako nimeyakalia leo mchana kutwa."

"Utaukuta umefungwa, Shangazi."

Huo haukuwa uongo. Niliamini kabisa.

Wakaondoka kwenda kulala kwa jamaa zao wa hapa mjini, Fahima awafuate asubuhi. Gedion alikuwa anakusanya vyombo vyake, mara akasimama, akaweka kiganja juu ya mlango.

"Hii mbao bado ni mbichi."

"Imenyooka."

"Imenyooka ikiwa mbichi. Nilikuambia usitoe uzito mpaka ikauke."

"Uzito uliinuka wenyewe, Gedion. Ungemwambia nini, arudi akae?"

Hakujibu. Akapapasa mlango tena, akaenda zake. Na Gedion asipojibu, hapo ndipo mtu anafaa kuogopa.

*

Asubuhi nilikuwa nakunywa chai nikasikia kama mtu anavunja vidole chumbani.

Nikaingia. Mlango ulikuwa umeanza kubinuka. Juu umeshika, chini umeshika, katikati unatoka nje kidogo kidogo, na katikati ndiko kitasa kiliko. Ulimi wa kitasa chenyewe ni bati jepesi la boksi. Niliona sehemu yake inayong'aa, ambayo jana haikuonekana. Ukiendelea hivyo ungechomoka kwenye tundu lake, na mlango ungefunguka bila ufunguo, peke yake.

Nikamwita Gedion. Akaja anakimbia na mswaki mdomoni.

"Tulilaze kabati chini, tuweke mawe," nikasema.

"Nililikaza ukutani."

"Legeza skurubu."

"Skurubu ziko ndani, nyuma ya rafu, na huu mlango umeubana ule wa kushoto. Ufunguo uko na nani?"

Tukaangaliana.

Tukajaribu ubao mrefu kutoka kwenye kitanda, tuusimamishe kwa nguvu dhidi ya mlango. Kitanda kikateleza kwenye sementi mpaka ukuta wa pili, ubao ukaanguka, ukaukosa mguu wa Gedion kidogo tu. Nikasukuma mlango kwa viganja, ukarudi. Nikaachia, ukaja. Nikageuka nikaweka mgongo, nikavuta kigoda, nikakaa. Ukatulia.

"Kaa hivyo hivyo," Gedion akasema. "Nina mtungi wa gesi ya kuchomelea, ule mkubwa. Tukiuegemeza hapo hautoki. Nakuja."

Akaenda. Nikakaa.

Nyanya akaniletea uji, akaninywesha kama mtoto, na hakuficha kwamba anafurahia.

"Jana ungenyamaza," akasema, "leo ungekuwa dukani."

"Najua, Nyanya."

"Ungekuwa unauza spea."

"Nyanya, najua."

Akanifuta mdomo. Kisha akasema, kwa sauti nyingine, "Lakini ungekuwa mtu wa namna gani, hata mimi sijui." Akaondoka na kikombe kabla sijamjibu.

Mgongo ukaanza kuuma. Kitasa kilikuwa kinanichoma kwenye uti. Kila nikivuta pumzi, nasikia mbao nayo inavuta. Nikamwomba Mungu amharakishe Gedion. Nikasikia geti.

Haikuwa Gedion.

Nilisikia sauti ya Fahima inamsalimia Nyanya, inacheka. Sijamwona tangu posa. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo na kanzu mpya na manukato, sasa nimevaa fulana ya kulalia, nimekaa kwenye kigoda, nimebandika mgongo kwenye kabati.

"Yuko wapi?" Fahima akauliza.

"Chumbani," Nyanya akasema. "Anaangalia kabati." Hata hakudanganya.

Hapo ndipo nilisikia nyuma yangu sauti ndogo. Si ile tamu ya jana. Ulimi wa kitasa ulikuwa umechomoka. Kitu pekee kilichokuwa kimefunga mlango ule sasa ni mgongo wangu.

Wakaingia. Fahima mbele, mkono mdomoni anazuia kicheko, kisha akaona uso wangu na kicheko kikamwisha. Nyuma yake Bi Zulekha, na uzi shingoni, na ufunguo tayari mkononi.

"Mbona huinuki kumsalimia mchumba wako?"

Nikaufungua mdomo. Maelezo nilikuwa nayo, mengi, na yote ya kweli. Lakini alishasema hatayasikia, na Fahima alikuwa anaangalia kabati, mahali palipo na vitu vya mama yake, na macho yake yalikuwa yameanza kuloa.

Bi Zulekha akauona ukingo wa mlango ulioachia nyuma yangu, akanisogelea. Akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, nadhani ile aliyomwombea Nyanya kitambaa.

"Umeloa?"

"Hapana, Shangazi."

"Basi inuka, mwanangu," akasema, akaninyooshea mkono.